Rubani Aliyekunywa Gahwa Rayyan

Kwa miaka mitatu nilikuwa mlinzi wa ndege ya kivita isiyohitaji kulindwa. Haikuwa na mafuta, haikuwa na risasi, na mwizi ambaye angeitaka angelazimika kwanza kubomoa ukuta wa ukumbi, maana hata sisi tuliiingiza kwa kuubomoa huohuo. Lakini Doha kitu kisicho na sekyuriti hakina heshima. Nimeona mtende wa plastiki mbele ya duka la manukato ukiwa na sekyuriti wake, tena Mganda mwenye shahada. Basi mimi, mwanamke wa Korogwe mwenye magoti mabovu, nilisimama kando ya ndege ile saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa juma, kuhakikisha kwamba haiondoki.

Ukumbi wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba ya mzee mmoja tajiri wa Al Rayyan. Wafanyakazi wote tulimwita Baba, kama wanavyoitwa wenye nyumba huku, hata na wale waliomzidi umri. Baba alikuwa mkusanyaji. Alikusanya magari ya zamani, redio za zamani, simu za kuzungusha, na marafiki wa zamani wa kuja kumsifia vitu hivyo. Ndege aliinunua kwa sababu ya mlango. Katika ndege nyingi za vita za wakati ule rubani aliingilia juu na kufunikwa na kioo. Hii, ambayo waliiita Kobra, ilikuwa na mlango wa ubavuni kama wa gari, wenye kitasa, na kioo cha kushusha kwa kuzungusha mkono. Baba alipoona picha yake alisema hilo ni gari lililopotea njia, akaagiza liletwe nyumbani.

Ilikuja katika makontena mawili, na pamoja nayo akaja fundi wa kuiunga, Mrusi mzee, kama friji inavyokuja na dhamana. Alikaa miezi miwili. Meneja wa ukumbi alimkaribisha siku ya kwanza kwa hotuba, kisha hakuonekana tena. Fundi alihitaji mtu wa kumshikia taa na wa kumsikiliza, na mtu pekee aliyekuwa amelipwa kusimama hapo alikuwa mimi. Kiingereza chake kilikuwa kibovu, na changu kilikuwa cha kusema habari za asubuhi na tafadhali usiguse. Tukaelewana vizuri sana.

Yule mzee alinifundisha ndege kama mtu anavyomfundisha mwanawe shamba la ukoo. Ilitengenezwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lakini walioipigania walikuwa Wasovieti, waliopewa maelfu yake ili wawazuie Wajerumani. Injini yake haiko mbele, iko nyuma ya mgongo wa rubani. Kutoka hapo kuna mhimili mrefu wa chuma unaopita chini ya kiti, katikati ya miguu yake, mpaka kwenye panga za mbele. Alinikalisha ndani ili nielewe. Nilijibana magoti nikafikiria chuma kile kikizunguka pale kilipo, nikasema wanaume wa enzi hizo walikuwa na imani. Mzinga wake ulipiga kupitia kwenye kitovu cha panga. Na rubani mzembe, kwa sababu ya uzito ule wa nyuma, ndege ilimzungusha hewani kama jani mpaka chini.

Kilichonigusa kilikuwa kingine. Waingereza waliijaribu wakaikataa. Wamarekani walioiunda wenyewe hawakuipenda, kwa kuwa ilipopanda juu sana iliishiwa pumzi. Warusi wao hawakuwa na shida na kule juu. Vita vyao vilikuwa chini, karibu na ardhi, na huko chini Kobra ilikuwa moto wa kuotea mbali. Marubani wakapata medali juu ya kitu ambacho wenzao walikiona cha kutupa. Mimi nilikataliwa na ofisi nne Tanga mjini kabla ya kupanda ndege kuja huku, kwa hiyo niliipenda Kobra kuanzia siku hiyo.

Nikamuuliza zilifikaje Urusi. Akanichorea sakafuni kwa chaki. Nyingine zilipita kwenye barafu, kutoka Alaska mpaka Siberia. Nyingine zililetwa na meli mpaka Ghuba hii, ndiyo, maji haya haya tunayokwenda kupigia picha siku ya mapumziko, zikashushwa katika masanduku kwenye bandari za Uajemi kule juu kabisa. Mafundi wakaziunga kwenye joto la kuua, zikapakwa nyota nyekundu, kisha marubani wa Kisovieti wakazirusha kwenda kaskazini. Hii yetu ilipita njia ipi? Fundi akainua mabega. Ilikutwa ziwani, ndani ya matope, na samaki hawatunzi nyaraka. Na baada ya vita, akasema, wakubwa wa kwao hawakupenda sana kukumbushwa zilikotoka. Akacheka, akaniomba nisogeze taa.

Fundi alipoondoka, mtu pekee Doha nzima aliyeijua ndege ile alikuwa amekatazwa kusema. Kanuni ya kampuni yetu ya ulinzi ilikuwa wazi: sekyuriti haongei na wageni. Nilisimama nikiwasikiliza baba wa watu wakiwaambia watoto wao kwamba injini iko mbele pale. Nilimeza. Siku nyingine nilimeza mpaka nikakosa njaa ya chakula cha mchana.

Ndipo meneja akatangaza kwamba Baba anataka mwelekezi wa ukumbi. Si wa kutoka Ulaya, maana wawili wa Ulaya walikuja wakaondoka na joto la Juni. Atachukuliwa mmojawapo wa walinzi, yule anayeijua ndege kuliko wengine, ataacha sare, ataandikwa na ukumbi wenyewe, atapewa chumba chake. Mimi nilikuwa nalala chumba kimoja na wanawake watano kambini Muaither, na mmoja wao alikuwa anaota kwa sauti. Lakini chumba kilikuwa cha pili. Nilichotaka kwanza ni ruhusa ya kufungua mdomo. Miaka mitatu watu wananiita "sekyuriti, choo kiko wapi?" huku kichwani nina vita nzima. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote, na wanaonijua wanajua nilivyowataka.

Tatizo lilikuwa likizo. Kila baada ya miaka miwili tunapewa miezi miwili nyumbani, na tiketi ikishakatwa hakuna wa kuigusa. Yangu ilikuwa imekatwa. Na uchaguzi wa mwelekezi ulikuwa baada ya miezi hiyo hiyo miwili.

Hapa lazima niseme kuhusu riliva. Doha mtu akienda likizo huletewa wa kumshikia zamu, naye ndiye riliva. Unakaa naye juma zima ukimkabidhi kazi. Kuna sheria ambayo haijaandikwa popote lakini kila mhamiaji anaijua: mfundishe riliva ya kutosha asikuaibishe, usimfundishe ya kutosha akaziba nafasi yako. Kila mtu ana kisa cha mwenzake aliyerudi kutoka likizo akakuta kikombe chake cha chai kinanywewa na mwingine, na bosi anamuuliza, samahani, wewe ni nani?

Riliva wangu alikuwa msichana Mkenya wa Nakuru, miaka ishirini na sita, aliyetolewa kwenye geti la duka kubwa. Alifika akiwa na uso wa mtu anayefurahia kila kitu, jambo ambalo mimi kwa asili silipendi asubuhi.

"Aki dada, hii ndege iko na mlango ya gari!" alisema, kabla hata ya salamu.

"Shikamoo kwanza," nikamwambia.

"Shikamoo. Lakini dada, iko na mlango ya gari!"

Siku ya kwanza nilimpa vitu vidogo: taa zinawashwaje, Baba anapita saa ngapi. Siku ya pili akaniuliza mbona kuna matundu ya moshi ubavuni, nyuma ya mlango, na puani hakuna. Mtu hawezi kuulizwa swali zuri kama hilo baada ya miaka mitatu ya choo kiko wapi akanyamaza. Nilifunguka kama bomba. Nikamwambia injini, mhimili, mzinga, Alaska, Uajemi. Alinisikiliza akiwa ameshika mashavu kwa mikono miwili. "Wacha! Inapita katikati ya miguu? Nishow tena hiyo." Nikamrudia. Siku ya tano nikamsikia akiwasimulia wasafishaji wawili wa Kinepali kwa mikono na mdomo, na wale wasafishaji, ambao kwangu hawakuwahi kucheka, walikuwa wameegemea mafagio machozi yakiwatoka.

Nikagundua nimefanya nini. Nilikuwa nimemkabidhi mtu kazi yangu nzima, ikiwa imefungwa na utepe juu. Usiku huo sikulala, na safari hii si kwa sababu ya yule anayeota kwa sauti.

Siku ya mwisho ya makabidhiano nilimwita kando ya bawa. Nilikuwa nimeshaupika uongo wangu, na niliupika mkubwa makusudi, maana uongo mdogo hapa haufukuzishi mtu. Nikamwambia: "Mdogo wangu, kuna jambo moja wageni hawalijui. Rubani mmoja alipotoka kule bandarini Uajemi, vumbi lilimpoteza. Badala ya kwenda kaskazini akaja kusini. Akatua hapa hapa Rayyan. Babu yake Baba akampokea, akampa gahwa na tende, akamwonyesha kaskazini kwa fimbo yake, rubani akaruka. Ndege yenyewe ni hii."

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Baba ni mtu anayemsahihisha muuza kotimiri. Akimsikia msichana wa getini anamzushia babu yake mambo mbele ya wageni, huyo msichana atarudi getini kwake kabla ya adhuhuri, na meneja ataelewa kwamba ndege hii ina mjuzi mmoja tu.

Msichana alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. "Na hii umeniwachia mimi?" akauliza.

"Nimekuachia wewe."

"Aki dada. Mungu akubariki sana."

Nilipanda ndege ya kwenda nyumbani nikijisifu. Korogwe nilikaa kwa mama, nikala, nikanenepa, nikasubiri. Juma la tatu ukaja ujumbe kwenye simu: "Dada, nimesema ile ya babu. Baba amelia." Nikajua amelia kwa hasira. Siku hiyo nilikula wali sahani mbili, na mama akafurahi akidhani nimepona magoti.

Nilirudi Doha nikiwa na achari za maembe za kumpa meneja. Mlangoni mwa ukumbi nikakuta ubao wa shaba, wenye maandishi ya Kiarabu juu na Kiingereza chini. Ulisema kwamba ndege hii ilitua Rayyan wakati wa vita na rubani wake akakirimiwa na babu wa mwenye nyumba. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakufika Doha. Huku imewekewa lami, taa na kamera.

Ndani kulikuwa na mengi zaidi. Kando ya bawa palitandikwa zulia, juu yake mito, dele la shaba na vikombe vidogo visivyo na mkono: mahali palepale, inasemekana, alipoketi rubani. Ukutani palining'inizwa mchoro wa mafuta wa mzee mwenye fimbo akinyoosha mkono kaskazini, na kaskazini yenyewe, kwa jinsi picha ilivyotundikwa, ilikuwa choo. Na katika kabati la kioo, juu ya kitambaa chekundu, palikuwa na glovu moja ya ngozi. Glovu ya rubani, ubao mdogo ulisema, aliyoisahau kwa haraka.

Niliitazama ile glovu. Ilikuwa nene, ya mkono wa kushoto, imechanwachanwa na makucha juu ya kidole gumba. Ilikuwa glovu ya kubebea mwewe. Rayyan nzima kuna wafuga mwewe, kila nyumba ya maana ina glovu kama ile, na kila mgeni wa Kiarabu aliyeingia pale aliitambua mara moja. Hakuna aliyesema. Waliitazama, wakasema mashallah, wakaenda kwenye tende.

"Hii ya glovu umeitoa wapi?" nilimuuliza riliva, nikijitahidi sauti isipande.

"Hiyo si mimi, dada! Baba mwenyewe alikuja nayo. Mi nilisema tu labda jamaa aliacha kitu. Kesho yake, Baba huyo, na glovu."

Baba mwenyewe alinisimamisha siku hiyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa amependeza, amekuwa kama kijana. Akaniambia kwamba tangu msichana amkumbushe, kila asubuhi anakumbuka zaidi. Babu yake aliwahi kusema habari za mtu mwenye uso mwekundu. Babu yake alipenda sana kahawa. "Na alikuwa na fimbo," Baba alisema, akinikazia macho. "Wallahi alikuwa na fimbo." Mimi sijawahi kusikia babu asiye na fimbo, lakini nilikuwa sekyuriti, na sekyuriti haongei.

Meneja akapokea achari zangu akaniambia mambo yalivyo. Baba atawaalika wageni wakubwa siku ya Jumatatu. Baada ya ziara hiyo atachagua mwelekezi kati yangu na msichana. Msichana anachangamka, akasema, lakini mimi nilikuwepo na fundi, na hilo lina uzito. "Kwa hiyo ni ninyi wawili," akasema. Akafungua kopo palepale.

Wageni walikuwa wa aina mbili, na hapo ndipo utajua Doha ni mji gani. Kulikuwa na kikao fulani cha amani hotelini, kama ambavyo kila juma kuna kikao fulani cha amani hotelini, na Baba aliwaalika Wamarekani wanne na Warusi wanne kutoka kikao kilekile, waje waone kitu walichowahi kukifanya pamoja. Walikuja kwa magari tofauti. Waliingia kwa milango tofauti. Wamarekani walisimama upande wa mkia na Warusi upande wa pua, na katikati akasimama Baba, amefumbata mikono kama bwana harusi.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa za heshima. Kisha Mmarekani mmoja mwenye tai ya bluu akasema kwa upole kwamba, jamani, tusisahau ni nani aliyeiunda. Mrusi mmoja mnene akajibu, kwa upole pia, kwamba hakuna aliyesahau, na wala hakuna aliyesahau kuwa walioiunda waliiogopa kuipanda. Mmarekani akasema haikuwa kuogopa, ilikuwa ni mkakati. Mrusi akasema ndiyo, hata kwao kuna watu huita hivyo. Mmarekani akauliza kwa nini basi vitabu vyao vya shule havikuitaja miaka yote ile. Mrusi akauliza kwa nini nyota iliyochorwa hapa ina ukingo mweupe kama ya Marekani. Mkalimani akaanza kutoka jasho. Nilikuwa najua majibu yote ya maswali yale, yote, na nilisimama ukutani na mikono nyuma.

Meneja akampa ishara msichana. Akaingia katikati, na Kiingereza chake cha Nakuru, akapiga makofi mawili. Hakugusa nyota. Hakugusa aliyeunda wala aliyerusha. Akaanza na vumbi. Alimfanya rubani apige chafya. Alimfanya atue akiruka kama sungura, afungue ule mlango wa gari, ashuke kama mtu aliyekuja kuuliza njia ya kwenda sokoni. Alimfanya babu amwambie, kwanza kaa, unywe, vita haikimbii. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, na rubani hajui kwamba lazima akitikise kikombe ili wasimwongeze, basi wanaongeza tu, na Wajerumani wanangoja. Wamarekani walicheka. Warusi walicheka. Yule mnene alishika bega la mwenye tai ya bluu ili asianguke. Kisha wote wanane wakavua viatu, wakakaa kwenye zulia, wakanywa gahwa mahali alipokunywa mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Nilikuwa na hasira mpaka masikio yananiwaka. Si kwa sababu ni uongo. Ni kwa sababu ulikuwa mzuri, ulikuwa wangu, na mimi nisingeweza kamwe kuusimulia vile.

Ndipo mwanamke mmoja wa Kirusi, mzee, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, akatoa daftari. Hakuwa amecheka sana kama wenzake. "Hili limeandikwa wapi?" akauliza. "Nimesoma habari za njia ya Ghuba miaka mingi. Sijawahi kukutana nalo."

Msichana akamtazama Baba. Baba akamtazama meneja. Meneja, mtu ambaye hajawahi kubeba mzigo kama kuna mwingine karibu, akanigeukia mimi. "Huyu alikuwepo na fundi muda wote. Sema. Fundi alikwambia hivyo?"

Miaka mitatu nilingoja kuulizwa jambo la maana mbele ya watu. Na jibu la kweli lilikuwa neno moja. Ningesema hapana, msichana angekuwa mwongo mbele ya mataifa mawili, angerudishwa getini siku hiyohiyo, na kazi ingekuwa yangu kwa kukosa mpinzani. Ndicho nilichokipanga kando ya bawa. Kilikuwa kimefika, kimechelewa tu miezi miwili.

Nikamtazama Baba. Alikuwa ameishika fimbo ya babu yake, ya kweli, waliyoitoa stoo, ameikumbatia kifuani kama mtoto. Nikamtazama msichana. Hakuwa ananisihi. Alinitazama kama mtu anayengoja lifti.

"Ndiyo," nikasema. "Fundi aliniambia mwenyewe. Kama limeandikwa, sijui."

Nisijisifu. Nusu ilikuwa huruma na nusu ilikuwa woga, kwa sababu swali ambalo lingefuata ni nani aliyemfundisha. Na nilimsingizia mzee wa watu ambaye hakunitendea lolote ila wema. Yule mama wa Kirusi akanitazama juu ya miwani, akainamisha kichwa, akaandika kwenye daftari lake. Sasa limeandikwa.

Msichana akapewa kazi kabla sahani hazijaondolewa. Baba alisema hadithi ile haiwezi kutolewa kinywani mwake. Mimi meneja alinishukuru kwa ushahidi wangu, akasema mtu mwaminifu kama mimi ndiye anayefaa kukaa mlangoni.

Jioni mimi na msichana tulirudi Muaither na basi la kampuni, mara yake ya mwisho kulipanda. Alikuwa bado na sare, begi la sare ya pili magotini. Nilikaa dirishani nikitazama nje ili asinisemeshe. Akanisemesha.

"Dada, mi nilijua si ukweli. Tangu ile siku."

Nikageuka.

"Niliangalia ramani kwa simu. Hiyo bandari iko huko juu kabisa. Huyo jamaa angekuwa amepotea vibaya sana, angepita maji yote hii na asione." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini nilielewa. Wewe ulikuwa na miaka tatu hapo. Ungeweza kujiwekea hiyo stori, umwambie Baba wewe mwenyewe, akupatie job. Ukanitengenezea mimi, na hata hukuwa unanijua. Hakuna mtu amewahi kunifanyia hivyo huku. Nimeambia mamangu. Kila Ijumaa, siku ya off, nikienda kanisa pale Abu Hamour, nakutaja kwa maombi, kwa jina. Na leo tena umenisimamia."

Niliona aibu. Tenda wema uende zako, tunaambiwa. Ukitenda ubaya ukapokelewa kama wema, hakuna aliyeacha maelekezo. Nilitaka kumwambia. Maneno yalikuwa tayari, mafupi, sita au saba. Akanilalia begani, mtoto wa watu, amechoka, na basi likakata kona.

"Usijali, mdogo wangu," nikasema.

Yeye sasa ana chumba chake na ananiletea tende zinazobaki. Mimi niko mlangoni. Baba amekumbuka kwamba rubani aliimba. Ijumaa bado natajwa Abu Hamour, mimi Mwislamu wa Korogwe, katikati ya wagonjwa na wasafiri.

Haya nimeyaandika kwa Kiswahili makusudi, kwa sababu Baba hakisomi na meneja hakisomi. Yeye anasoma. Dada yako hakukutengenezea kitu, mdogo wangu. Nilikuchimbia shimo, wewe ukadhani ni kisima, ukateka maji. Ijumaa ijayo utaamua mwenyewe kama unitaje au uniruke.